Ada ya Dalali na Shilingi ya Mkulima

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati waliokutana Msambweni)



Mlituandikia mkituuliza swali moja, nasi tumekuja kulijibu hilo. Mmekuwa mkisikia vikaoni, kuanzia Lunga Lunga hadi Matuga, wazo la kuyatafutia soko mazao ya pwani yetu ya kusini, yaani embe, nazi, korosho na biksa, kwa fedha zitakazotozwa wale wanaoyashika mazao hayo yakisha kutoka shambani: madalali, wenye malori, wenye maghala na wenye viwanda. Mkulima, mnaambiwa, hatatozwa hata senti. Mkatuuliza: tuliunge mkono wazo hili au tulipinge?

Wazo lenyewe si baya. Lakini ile ahadi kwamba mkulima hatatozwa si ya kweli, na tusipolikubali hilo tangu mwanzo tutakosea katika kila jambo litakalofuata.

Chukueni nazi. Huu ni mfano tu, msiutafute sokoni kesho. Tuseme nazi moja inauzwa Kongowea kwa shilingi 40. Dalali hutoa hapo gharama ya lori hadi ng'ambo ya Likoni, ujira wa mkwezi na wa mfuaji, hasara ya zitakazopasuka njiani, na faida yake mwenyewe. Kinachobaki, tuseme shilingi 20, ndiyo bei anayomtajia mwenye mnazi. Sasa mtozeni dalali huyo shilingi moja kwa kila nazi. Ataitoa wapi? Hawezi kumwongezea bei mama anayenunua Kongowea, kwa maana mama huyo ana nazi za kutoka Tanzania zimelundikwa upande wa pili wa soko. Faida yake hataipunguza, maadamu hakuna dalali mwingine anayebisha hodi kijijini. Atarudi Mwabungo aseme kwamba bei ya leo ni shilingi 19. Na yule anayenunua mwembe mzima ungali katika maua atafanya hesabu hiyo mapema zaidi, kabla embe hazijatunda, na mwenye mti hatajua kamwe kwamba alilipa.

Ni haki tuongeze kwamba pale wanunuzi walipo wengi na wanashindana, sehemu ya mzigo humwelemea dalali. Tuambieni nyinyi ni vijiji vingapi vya Kwale vyenye wanunuzi wengi.

Kwa hiyo ada hii, hata ikiandikwa kwa jina la dalali, ni fedha ya mkulima. Hilo halitoshi kuifanya kuwa mbaya. Yapo mambo ambayo mkulima mmoja hawezi kuyafanya peke yake hata akiwa na bidii ya mchwa. Tazameni nzi wa embe. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka embe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya mdudu huyo, na njia hiyo haikufunguliwa tena hadi mwaka 2021. Ukitega mitego katika shamba lako pale Shimba Hills na jirani yako asitege, umefuga nzi wake kwa gharama yako. Hapo panahitajika mfuko wa pamoja. Vivyo hivyo mizani ya haki mahali pa kukusanyia, ubao wa bei za Kongowea unaobandikwa kila asubuhi, ghala kavu la korosho, na mtu wa kwenda kuzungumza na wanunuzi wa hoteli za Diani kwa niaba ya wakulima mia tatu badala ya kila mmoja kwenda na kapu lake na kurudishwa langoni. Kama shilingi ile moja ikinunua mambo hayo na nazi ikapanda hata shilingi tatu, mkulima amewekeza vyema. Lakini ni yeye aliyewekeza, na aliyewekeza hana budi kuulizwa.

Je, tumewahi kuulizwa? Ushuru wa mazao si mgeni katika nchi hii. Chini ya ile Sheria ya Kilimo ya zamani, halmashauri za wilaya na miji ziliruhusiwa kutoza ushuru wa mazao, na kanuni ilikuwa kwamba asilimia 80 ya fedha hizo zitengeneze barabara za sehemu yalikotoka mazao hayo. Wale wenu mliosukuma gari la embe katika tope la Lukore mvua za masika mnajua kanuni hiyo ilitimizwa kwa kiasi gani. Wakili anayesimama mbele yenu alipata kusimama siku nzima kando ya kizuizi kimoja cha ushuru, akiwa na mteja wake, mama mwenye magunia ya embe. Mtoza ushuru alipokea fedha, akafungua kijitabu, akakifunga, akasema stakabadhi zimekwisha. Tulipomwuliza fedha hizo zinaingia katika hesabu gani, alitutazama kama watu waliouliza umri wa bahari.

Sasa twendeni ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kwa sababu Watanzania walikwisha kulipita jaribio hili kabla yetu na walilipita kwa machungu.

Tanzania hutoza ushuru kwa korosho ghafi zinazosafirishwa nje. Anayelipa ni msafirishaji, si mkulima, kama tu mnavyoahidiwa nyinyi. Kwa miaka mingi sheria iligawa fedha hizo: asilimia 65 kwa ajili ya kuendeleza zao lenyewe, kupitia mfuko wa wakfu wa korosho, na asilimia 35 kwa hazina ya serikali. Upande ule wa zao ndio uliosaidia miche, utafiti, na salfa ya kupulizia mikorosho, ambayo mkulima wa Mtwara asipoipata kwa wakati hana mavuno ya kuzungumzia. Msimu wa 2017/18 nchi hiyo ilivuna takriban tani 313,000, mavuno ambayo haikuwahi kuyaona.

Zilipokuwa nyingi fedha, zilionekana. Mwezi Juni mwaka 2018 serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya sheria ili fedha zote ziingie hazina kuu. Wabunge wa kusini, wakiwamo wa chama tawala, walisimama wakapinga, wakidai pia zaidi ya shilingi bilioni 200 za Tanzania ambazo walisema ni haki ya zao na hazijatolewa. Walishindwa. Marekebisho yakapita. Msimu uliofuata mavuno yalishuka hadi takriban tani 225,000, wakulima wakakataa bei za mnada, na Novemba Rais Magufuli akaamuru jeshi liende kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hatusemi kwamba kuondolewa kwa mfuko ndiko pekee kulikoleta mashaka hayo. Mvua nazo zina neno lake, na soko la dunia nalo. Tunasema jambo dogo zaidi. Mfuko ule ulikuwa na jina, ulikuwa na bodi, ulikuwa na asilimia iliyoandikwa katika sheria, na bado uliondolewa kwa kikao kimoja cha bajeti. Wakulima ambao bei yao ndiyo iliyoubeba hawakuwa na kura ya kuuzuia.

Ikiwa mfuko ulioandikwa katika sheria uliondoka hivyo, mfuko wa maneno matupu utakaa siku ngapi?

Hapa tunaingia katika Katiba yetu ya mwaka 2010, nanyi mtatusamehe kwa vifungu, ndiyo kazi tuliyosomea. Kifungu cha 207 kinasema kwamba fedha zote zinazokusanywa na serikali ya kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile ambazo Sheria ya Bunge imezitenga kwa sababu za maana. Maana yake ni kwamba ada ya embe ikiandikwa tu katika Sheria ya Fedha ya kaunti, bila zaidi, itaingia chungu kimoja na ada ya maegesho ya magari pale Ukunda. Waziri wa kaunti akiwaambia hadharani kwamba ni ya kutafutia embe soko, huenda anasema kwa moyo safi, lakini chungu hakisikii hotuba. Dawa ipo: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, katika kifungu cha 116, inaruhusu kaunti kuunda mfuko maalum kwa idhini ya kamati tendaji na ya bunge la kaunti. Mfuko huo uundwe kwanza. Ada ifuate.

Kifungu cha 209 nacho kinaruhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma inazotoa, na papo hapo kinakataza kutumia mamlaka hayo kwa namna inayozuia biashara na mwendo wa bidhaa kuvuka mipaka ya kaunti. Mtakumbuka kampuni ya Base Titanium, iliyochimba madini hapa kwetu hadi mwisho wa mwaka 2024. Malori yake yaliyokwenda Likoni yalidaiwa ushuru na Kaunti ya Mombasa. Kiini cha mabishano kilikuwa huduma: anayetoza ametoa nini? Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2021 kampuni ikashinda. Tunafurahi kwamba sheria ilifafanuliwa. Lakini kampuni ya madini ina mawakili wa kupanda ngazi zote tatu za mahakama. Mama mwenye magunia mawili ya korosho, anayetozwa Kwale na pengine kutozwa tena akivuka, atapanda ngazi ipi?

Kuhusu kura, Wamarekani wana sheria ya mwaka 1937 inayofanana sana na wazo mlilosikia. Ada hutozwa wanaoshika zao, nayo hulipia utafiti, viwango na kutafuta masoko. Lakini kwa kawaida mpango hauanzi hadi wakulima wenyewe wapige kura, na theluthi mbili ya waliopiga, au wenye theluthi mbili ya mazao, waseme ndiyo. Wengi wao wakichoka nao, wanaweza kuuvunja. Si sheria ya malaika. Chama cha ushirika kinaweza kupiga kura kwa niaba ya wanachama wake wote, na sisi tunaoijua historia ya vyama vyetu vya ushirika hatuna haja ya kueleza hatari iliyomo. Na mwaka 2015 mahakama yao ya juu kabisa ilisema, katika kesi ya familia ya Horne, kwamba serikali haikuwa na ruhusa ya kuchukua zabibu kavu chini ya mpango wa namna hiyo bila kulipa fidia. Hata hivyo ule msingi wa kwanza, kuulizwa kabla ya kutozwa, tuuchukue.

Nani atakuwa katika daftari la wapiga kura hao? Hapa tunawasihi muwe macho kuliko penginepo pote. Ikiwa daftari litaandikwa kwa hati za ardhi, basi nusu ya Kwale itabaki nje. Wangapi kati yenu mnalima ardhi ambayo mababu walizikwa ndani yake na hati yake iko kwa mtu msiyepata kumwona? Tena katika desturi yetu ya pwani mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi; mtu aweza kurithi minazi kumi iliyosimama juu ya kiwanja cha mwingine. Na mke anayeokota korosho msimu mzima jina lake haliko katika karatasi yoyote. Daftari liandikwe kwa miti na kwa kazi, likisomwa mbele ya wazee wa kijiji, kila mti na mvunaji wake. Si jambo gumu. Makanisa yenu husoma hesabu ya sadaka ya mavuno mbele ya waumini wote, hadi yai na jogoo, wala hatujasikia kwamba ibada ilikwama kwa sababu hiyo.

Na wachuuzi wadogo waachwe. Tanzania ilipopunguza ushuru wa mazao mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, iliwaondolea pia mzigo wanaosafirisha kiasi kisichozidi tani moja kutoka wilaya hadi wilaya. Anayepanda matatu na kapu la madafu si mshika mazao kwa maana ya sheria yoyote yenye akili.

Basi jibu letu kwa swali lenu ni hili: liungeni mkono wazo kwa masharti, na masharti yenyewe yaandikwe ndani ya sheria, si katika barua ya kuwatuliza. Mfuko uwe mbali, kura itangulie, daftari lisiulize hati, na kila robo ya mwaka hesabu zibandikwe Kombani, Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, mahali ambapo mtu asiyekwenda ofisini atazisoma. Wakikataa masharti, lipingeni, na mlipinge kwa maandishi, maana Katiba imewapa haki ya kushirikishwa katika mambo ya fedha, na kikao cha ushirikishi ambacho hakuna aliyepeleka waraka huandikwa katika ripoti kuwa wananchi waliridhia.

Tumeacha madaftari mawili kwa katibu wenu pale mlangoni. Kila aliyepata kulipa ushuru wa mazao katika misimu mitatu iliyopita aandike kiasi, kizuizi na tarehe, na aambatishe stakabadhi kama alipewa. Asiyepewa aandike hivyo hivyo kwamba hakupewa. Waraka wa kwanza tutauandika kutokana na kurasa hizo.