Kumbukumbu za Chama cha Wanafunzi wa Ukutubi: Nani Anazitunza?

Viongozi wa vyama vya wanafunzi, semina hii imeandaliwa kwa ajili yenu.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya vyama vya wanafunzi katika shule za ukutubi na sayansi ya habari za vyuo vikuu vyetu. Mambo ni mengi, na mengine mnayafahamu kuliko mimi: kuwapokea wa mwaka wa kwanza, kushona fulana, kuandaa mahafali, kumsaidia mwenzetu aliyefiwa. Sitayagusa. Hayo hufanyika vizuri hata pasipo mada. Nimekuja na hoja moja, kwamba chama cha wanafunzi wa ukutubi hakitadumu wala kuheshimika mpaka kitunze kumbukumbu zake kwa kiwango kilekile tunachofundishana darasani. Nitaanza na historia kidogo, kwa sababu hoja yenyewe imetoka huko.

Tulikotoka

Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1956, kabla nchi zetu hazijapata uhuru. Mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki pale Makerere, na kwa miaka mingi kijana wa Kenya, Uganda au Tanganyika aliyetaka kusomea kazi hii bila kuvuka bahari alielekea Kampala. Mwaka huohuo wa 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Maktaba zilihitaji watu, na watu wengi walitoka darasa moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama kile cha kikanda kilivunjika, kila nchi ikaunda cha kwake. Lakini mwaka 1974 wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini walikutana Dar es Salaam na kuweka msingi wa mkutano ambao mpaka leo tunauita SCECSAL, unaofanyika kila baada ya miaka miwili katika nchi tofauti. Mimi naamini wepesi wa kukutana tena ulitokana kwa sehemu kubwa na kufahamiana. Mtu uliyeshindana naye kuorodhesha vitabu katika chumba kimoja hahitaji kutambulishwa kwako mkiwa wakurugenzi.

Leo shule zimekuwa nyingi, na hilo ni jambo la heri. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha sayansi ya habari mwaka 1988. Dar es Salaam ilianzisha shahada ya uzamili mwishoni mwa miaka ya 1990. Bagamoyo tuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kinachotoa cheti na stashahada, na wahitimu wake ndio wanaoendesha maktaba nyingi za mikoa na taasisi. Ila ule ujuzi wa kufahamiana uliokuja wenyewe Makerere, sasa haupatikani mpaka mtu autafute. Chombo kilichopo cha kuutafutia ni chama cha wanafunzi.

Mfano wa Ulaya

Kwamba wanafunzi wanaweza kubeba jambo kubwa, ushahidi upo. Tangu mwaka 1993 huko Ulaya hufanyika kongamano la kila mwaka la sayansi ya habari liitwalo BOBCATSSS. Jina limeundwa kwa herufi za kwanza za miji ya vyuo vilivyolianzisha, ikiwemo Budapest, Oslo, Barcelona, Copenhagen na Amsterdam. Waandaaji ni wanafunzi. Wao ndio wanaopanga mada, wanaopokea maandiko, wanaotafuta ukumbi na wafadhili, wakiwa wamegawana kazi kati ya vyuo vya nchi mbili au zaidi. Kila mwaka kundi jipya, mara nyingi mji mpya, na bado kongamano limevuka miaka thelathini.

Linawezekanaje, ilhali watu hubadilika kila mwaka? Walimu wameifanya kazi ile kuwa sehemu ya masomo, na kila kundi huliachia linalofuata njia ya kupita. Fedha wanazo kutuzidi, sikatai. Lakini kumwachia mwenzako maelezo ya kazi hakuhitaji fedha nyingi. Karatasi na nidhamu vinatosha.

Bahasha ya kaki

Niliwahi kuwa mlezi wa chama cha wanafunzi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Siku ya makabidhiano mwenyekiti aliyemaliza muda wake aliweka mezani bahasha moja ya kaki. Ndani mlikuwa na muhuri wa chama, kidau cha wino kilichokauka, kitabu cha stakabadhi kilichobaki kurasa chache, na kipande cha karatasi chenye nywila ya barua pepe iliyoandikwa kwa penseli. Basi. Mihtasari ya vikao ilikuwa kwenye kompyuta ya katibu, na katibu alishapangiwa kazi mkoani. Orodha ya wanachama ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp. Picha za safari ya mafunzo zilikuwa kwenye simu za watu.

Taabu ilikuja wiki chache baadaye. Viongozi wapya walikwenda benki kuchukua fedha za chama. Waliokuwa na mamlaka ya kutia saini wote walikuwa wamehitimu. Benki ilitaka muhtasari wa mkutano uliowachagua viongozi wapya, uliotiwa saini na kugongwa muhuri, pamoja na katiba ya chama. Muhtasari haukuwepo. Nakala za katiba zilikuwa mbili zinazopingana, moja ikisema muhula wa uongozi ni mwaka mmoja, nyingine miwili, na hakuna aliyeweza kuthibitisha ipi ilipitishwa. Ada za wanachama, waliozitoa kwa kujinyima kutoka kwenye bumu, yaani posho ya mkopo wa masomo, zilikaa benki muhula mzima pasipo kumfaa mtu. Shughuli iliyokuwa imepangwa ikafutwa.

Hao walikuwa vijana waaminifu, na hakuna shilingi iliyoibwa. Darasani walikuwa wamefaulu mtihani wa usimamizi wa kumbukumbu, wanajua hatua zote za uhai wa waraka tangu kuundwa hadi kuhifadhiwa au kuteketezwa. Tanzania tuna sheria ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka tangu mwaka 2002, na waliisoma. Hakuna aliyewaambia kwamba chama chao nacho ni taasisi inayozalisha kumbukumbu. Lawama hiyo naiweka kwetu walimu na walezi.

Nini kitunzwe, wapi, na nani

Chama kinahitaji jedwali dogo la utunzaji, la ukurasa mmoja tu, lililopitishwa na mkutano mkuu. Vya kutunzwa daima ni vichache: katiba na kila marekebisho yenye tarehe, mihtasari iliyotiwa saini, taarifa ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa, barua za makubaliano na taasisi nyingine. Picha nazo, lakini picha yenye maelezo. Picha ya watu ishirini mbele ya maktaba, bila majina, mahali wala mwaka, baada ya miaka kumi haimsaidii mtu yeyote.

Kuna vinavyopaswa kutupwa pia, na hili husahaulika. Fomu zenye namba za simu, namba za usajili na hali ya afya ya wanachama hazina sababu ya kukaa kabatini milele. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania ikafuata mwaka 2022. Mkutubi wa kesho atakabidhiwa taarifa za maelfu ya wasomaji, na heshima kwa taarifa hizo aanze kuionyesha kwa wanachama wenzake.

Mahali pa kutunzia si chumba cha mwenyekiti hosteli. Ombeni rafu katika maktaba ya shule yenu au kitengo cha nyaraka cha chuo, sanduku moja kwa kila mwaka wa uongozi, na nakala za kielektroniki katika akaunti ya chama ambayo mlezi naye anaweza kuifungua. Na mtunzaji achaguliwe kutoka mwaka wa pili, ili viongozi wakihitimu yeye abaki. Hilo la mwisho naliona muhimu kuliko yote niliyotangulia kusema, maana uongozi wote ukiondoka siku moja, chama huzaliwa upya kila mwaka na hakikui.

Kazi ya nje ya chuo

Kuna anayejiuliza kama karatasi hizi zina faida kwa mwananchi. Chukueni kazi ambayo vyama vingi huifanya na kuifurahia, ya kupanga maktaba za shule za sekondari. Wanafunzi hufika Jumamosi, wanafuta vumbi, wanagawa vitabu, wanaandika namba za Dewey kwenye migongo ya vitabu, wanapiga picha na mwalimu mkuu. Jioni maktaba inapendeza.

Sasa tazama rafu moja, ya fasihi ya Kiswahili. Katika mfumo wa Dewey namba yake ni 896.392. Ukitaka kutenganisha tanzu unaongeza tarakimu: ushairi 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi 896.3923. Kundi la mwaka huu likiamua kwamba shule ndogo inatosheka na namba fupi, hilo ni sahihi. Kundi la mwaka ujao likiamua kutenganisha tanzu, hilo nalo ni sahihi. Yakifanyika yote mawili katika rafu moja, bila uamuzi ulioandikwa, diwani mbili za mshairi yuleyule zitasimama mbalimbali, na mwalimu wa Kiswahili anayehudumia maktaba ile baada ya vipindi atachoka, ataanza kupanga kwa rangi ya majalada. Kazi ya Jumamosi mbili imepotea.

Mara nyingi hata Jumamosi ya pili haifiki. Viongozi wapya hawajui kwamba shule ile ilitembelewa, kwa hiyo wanachagua nyingine, na ile ya kwanza inabaki na daftari la kuazimia vitabu lililoishia ukurasa wa nne. Chama chenye faili la kila shule, lenye idadi ya vitabu vilivyoorodheshwa, uamuzi wa uainishaji uliofuatwa, jina na cheo cha mwalimu mhusika na yaliyobaki kufanywa, kinaweza kurudi. Nionavyo mimi, shule moja iliyorudiwa miaka mitano ina faida kuliko shule tano zilizotembelewa mara moja moja, na naomba mlijadili hili katika vikundi vyenu mchana.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo moja. Somo la usimamizi wa kumbukumbu lina zoezi la vitendo, na mara nyingi tunatumia mafaili ya kubuni. Tutumie mafaili ya chama. Mwanafunzi atunge jedwali la utunzaji la chama chake halisi, apange sanduku halisi, apewe alama kwa kazi itakayotumika. Na vyama vya kitaaluma vya nchi zetu vifungue mlango wa uanachama wa wanafunzi kwa ada wanayoimudu, vipokee taarifa ya mwaka ya kila chama cha wanafunzi na kuisoma.

Viongozi mlio hapa, wengi wenu mtakabidhi madaraka kabla ya mwaka huu wa masomo kwisha. Nawaombeni jambo moja mkirudi vyuoni: itisheni kikao, andikeni muhtasari wake, usomwe, usahihishwe, utiwe saini, kisha pelekeni nakala maktaba na kudai namba ya kupokelewa. Huo uwe waraka wa kwanza katika sanduku la kwanza.