Futi 3 Hazitoshi

Msikilizaji, Marekani sheria nyingi za barabarani hutungwa na majimbo, si serikali ya shirikisho. Mwendesha baiskeli akivuka mpaka wa jimbo anaweza kupoteza kinga aliyokuwa nayo dakika moja iliyopita.

Wisconsin ilitangulia mwaka 1973: dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi ya futi 3. Pennsylvania ikadai 4, mwaka 2012. California imekwenda mbali zaidi. Tangu Januari 2023, dereva anayempita lazima ahamie njia nyingine ya barabara hiyo pale inapowezekana. Sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote, kwani askari hahitaji kukadiria futi kwa macho. Anaona gari limehama au halikuhama.

Sheria inayozua ubishi zaidi ni ile ya Idaho, ya mwaka 1982. Mwendesha baiskeli akikuta alama ya kusimama hupunguza mwendo, hutazama, na kama hakuna anayekuja huendelea bila kukanyaga chini. Wapinzani huiita upendeleo. Sikubaliani nao. Aliyesimama kabisa huanza tena polepole, akiyumba, katikati ya makutano, mahali penye hatari kuliko pote. Delaware iliiga mwaka 2017, kisha Oregon na jimbo la Washington.

Mwaka 2022 waendesha baiskeli zaidi ya 1,000 waliuawa katika barabara za Marekani. Mabunge ya majimbo yaliyosalia yaanze na sheria ya California, na yaanze katika kikao kijacho.