Baraza la Ndoa si Dirisha la Kuchukulia Fomu
Hotuba ya mgeni rasmi katika ufunguzi wa mafunzo ya wajumbe wa Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa



Nimepewa dakika kumi na tano, na mshereheshaji amekwisha kuzila kadhaa kwa kunisifia. Hakimu mstaafu kumkabidhi kipaza sauti ni hatari, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye jambo.

Nikiwa kazini nilipokea vyeti vingi kutoka kwenye mabaraza kama haya yenu. Vingi vilikuwa na sentensi moja tu: "Baraza limeshindwa kuwasuluhisha." Sahihi, muhuri, tarehe, basi. Nilikuwa siwezi kujua kama wale wawili walikalishwa na kusikilizwa asubuhi nzima, au walisimama mlangoni huku mtu akitafuta muhuri kwenye droo. Huko mitaani mnajua wananchi wanavyosema: "Naenda kata kuchukua fomu ya talaka." Hawasemi wanakwenda kusuluhishwa. Sisi wenyewe tumewafundisha hivyo.

Sheria haikukusudia hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inazuia ombi la talaka kupokelewa mahakamani kabla mgogoro haujapita kwenye Baraza na Baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa. Ipo misamaha, kwa mfano: mwenzako amekutoroka na hajulikani alipo, au amefungwa kifungo kirefu, au ameitwa barazani akakataa kwa makusudi, au kuna mazingira yasiyo ya kawaida ambayo mahakama yenyewe itaridhika nayo. Nje ya misamaha, njia ni kupitia kwenu. Na msidhani ni utaratibu wa kupamba karatasi. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mashauri yaliyosikilizwa hadi mwisho kwa sababu tu hatua ya Baraza haikufuatwa. Watu wameuza mbuzi, wamelipa nauli, wamepoteza miaka, kisha wanaambiwa waanze upya.

Lakini jambo lililonileta hasa ni jingine. Wajumbe wengi mnajipima kwa kipimo kimoja: wamerudiana au hawajarudiana? Wakirudiana mnapiga vigelegele. Wasiporudiana mnajaza fomu kwa huzuni na kuita wengine. Mimi nasema hapo pa pili ndipo kazi yenu nyingine inapoanza. Ndoa inaweza kwisha, baba na mama hawaishi kuwa baba na mama. Ada ya Januari itadaiwa. Mtoto ataugua usiku. Na ile nyumba ambayo haijapigwa hata lipu, kila mmoja ana lake la kusema juu yake.

Kifungu cha 104 kinawaruhusu kuambatanisha na cheti mapendekezo yenu kuhusu matunzo, mgawanyo wa mali, malezi ya watoto na jambo jingine lolote linalobishaniwa. Tafadhali kisomeni tena leo mchana. Kwa miaka yote niliyokaa mahakamani, mapendekezo hayo niliyaona kwa nadra sana, na kila nilipoyaona shauri lilikwenda haraka, kwa sababu wahusika walikuja wakiwa wamebakiza mambo mawili matatu ya kubishania badala ya maisha yao yote.

Tena sheria imewapa mazingira ambayo mahakama haina. Mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5, watu wanaolijua eneo. Wakili haruhusiwi kumsimamia mtu mbele yenu. Mawakili waliopo hapa wanisamehe, lakini kuna vikao ambavyo ukimya wenu ni msaada mkubwa. Mnaweza kumsikiliza kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha, mkaahirisha hasira zikipanda, mkamwita shangazi au mjomba anayeheshimiwa na pande zote mbili.

Ushauri wangu wa mtu aliyezeekea kwenye kazi: anzeni na watoto. Mkianza na mali, hamtafika kwa watoto. Ulizeni mambo madogo madogo kabisa. Mtoto atalala wapi siku za shule? Likizo ya Desemba atakwenda kwa nani? Simu ya baba itapokelewa saa ngapi, na nani asiikate? Fedha ya matumizi itatumwa tarehe gani, kwa simu ya nani? Mtu anayesema "nitatunza wanangu" hajasema kitu bado. Na msisahau kwamba sheria inaanza na dhana kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Ustawi wa mtoto ndio unaotangulia, si nani aliyeudhiwa zaidi.

Kwenye mali, bado nasikia barazani kauli ile: "Huyu alikuwa mama wa nyumbani, amechangia nini?" Ndugu zangu, swali hilo lilijibiwa mwaka 1983. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgao katika shauri lile, lakini mlango alioufungua wamepita wanawake wengi nyuma yake. Mjumbe anayeuliza swali hilo leo amechelewa miaka mingi.

Mpaka wenu ni huu: mnapendekeza, hamgawi. Nimewahi kuona hati ya baraza iliyompa huyu kiwanja, yule kitanda na kabati, ikapigwa muhuri kama hukumu. Haina nguvu hiyo. Talaka inatolewa na mahakama, mgawanyo unaamriwa na mahakama. Mashekhe wetu mnajua kwamba hata talaka ya kidini, ili mahakama iitambue, Baraza linatakiwa liwe limetangulia. Na cheti chenu kina umri: ombi lifunguliwe ndani ya miezi 6. Waambieni, maana wengine hukikunja wakakiweka chini ya godoro wakisubiri mwenzao abadilike.

Sasa jambo ambalo sitalipitia kwa upole. Palipo na kipigo, hamkai kitako na kumwambia mwanamke, au mwanamume, avumilie kwa ajili ya watoto. Usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema wanachokitaka bila kuogopa watakachokutana nacho njiani wakirudi nyumbani. Ukimwona mtu anamtazama mwenzake kabla ya kujibu kila swali, simamisha kikao. Aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, apewe fomu ya matibabu ya PF3, atibiwe, awe mahali salama. Mengine yatafuata. Kuna wazee wa heshima kabisa, nawaheshimu hata leo, waliomrudisha binti kwa mumewe kwa maneno mazuri, na binti akarudi akiwa amebebwa.

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nina ombi moja, na nitalisema mbele ya mashahidi wote hawa ili usilisahau. Mabaraza mengi yanakaa kwenye ofisi ya mtendaji, mlango wazi, nje kuna foleni ya watu wanaotaka barua za utambulisho. Nani atasema siri ya chumbani kwake huku jirani anasikiliza dirishani? Watafutie wajumbe chumba chenye mlango unaofungwa, na daftari la kumbukumbu linalofungiwa kabatini. Si gharama ya kuisubiri bajeti ya mwakani.

Na nyinyi wajumbe, wawezeshaji wameniambia kuwa mchana mtafanya zoezi la kuandika mapendekezo ya kuambatanisha na cheti. Mimi nitabaki. Nitakaa nyuma kule nikisoma mtakachoandika, kwa jicho la hakimu.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kwamba mafunzo haya yamefunguliwa.