Bastola Nyumbani: Tupime Risasi au Tupime Dhamiri?



Ndugu wapendwa, wapo waamini wenye kibali cha bastola wanaotuuliza: ili kuwalinda watoto usiku, ipi bora, risasi ya milimita 9 au ile nene ya milimita 11.43? Swali hili hatulidharau. Katekisimu, namba 2265, yafundisha kwamba kuwalinda tuliokabidhiwa ni haki, tena yaweza kuwa wajibu mzito.

Huko Marekani, baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986, wapelelezi wa FBI waliilaumu risasi ya milimita 9, wakatafuta kubwa zaidi. Mwaka 2014 wakufunzi wao walikiri kwamba, kwa risasi za kisasa, majeraha hayatofautiani sana, na ile ndogo hulengwa kwa urahisi. Basi unene si jibu.

Zote mbili hupenya ukuta wa mbao au wa mabati. Nyuma ya ukuta huo amelala nani? Uchunguzi wa Arthur Kellermann na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1993, ulikuta kwamba hatari ya kuuawa nyumbani ilikuwa kama mara 2.7 zaidi palipo na bunduki. Na wauaji wengi walikuwa jamaa au watu waliofahamika.

Kwa hiyo twawasihi: mwenye silaha aifungie, na risasi azitenge. Tuimarishe milango, tuwashe taa. Na kila jumuiya ndogondogo ijiulize: yowe likipigwa usiku, nani atatoka?

Amani ya Kristo iwe nanyi.