Nani Hakuulizwa?

(Mazungumzo na wanachama wa klabu ya afya ya shule moja ya sekondari)

Naona wengine mmesimama hadi mlangoni.

Kazi yangu mimi ni kubisha hodi. Nabeba dodoso, naingia majumbani, nauliza maswali. Wiki hii naweza kuuliza watu wanafulia sabuni gani, wiki ijayo naulizia vyandarua na malaria. Ule wa kwanza tunauita utafiti wa soko, wa pili ni utafiti wa jamii, lakini kazi ni ileile. Majibu yakishajumlishwa, kuna mtu ofisini ataamua jambo: bidhaa ipelekwe wapi, dawa zinunuliwe kiasi gani, zahanati ijengwe kijiji gani. Asiyeulizwa anaamuliwa tu.

Mwenyekiti wenu kaniambia klabu inataka kufanya utafiti wake: vijana wa hapa wanajua nini kuhusu mimba na UKIMWI, na wakipata tatizo wanakimbilia wapi. Safi sana! Ila kabla hamjaandika swali la kwanza, jiulizeni: ni nani ambaye hatutamfikia?

Msidhani dawa ni kuuliza watu wengi tu. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilitaka kujua nani atashinda urais. Likatuma kadi kama milioni 10. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Jamani, milioni mbili! Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alikuwa amechukua majimbo 46 kati ya 48.

Waliteleza wapi? Majina mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Miaka ile maisha yalikuwa magumu mno, na mwenye simu au gari hakuwa mtu wa chini. Tena, wengi waliopelekewa kadi hawakuzirudisha, na aliyenyamaza si lazima awe na mawazo sawa na aliyejibu. Mwaka huohuo George Gallup aliuliza watu wachache zaidi, lakini alijitahidi kuwapata wa hali mbalimbali. Yeye alimtaja mshindi sawasawa.

Sasa turudi kwetu. Mdadisi akibisha hodi saa nne asubuhi, anamkuta nani? Kibarua yuko kwenye zege, mama lishe yuko kwa wateja wake, na ninyi mko darasani. Akisema, “Niitieni mkuu wa kaya,” atatoka baba au babu, naye ndiye atakayejibu kwa niaba ya wote, hata mambo ya binti yake asiyoyajua. Akiuliza kwa Kiswahili cha vitabuni, bibi aliyezoea Kisukuma ataitikia “ndiyo, ndiyo” ili mgeni aende zake. Akiuliza kwa simu, amemwacha asiye na simu. Na tafiti nyingi za afya huchagua kaya, kwa hiyo anayelala barabarani au aliye gerezani kwa kawaida hayumo. Hata ninyi wa bweni mnaweza kukosekana. Nyumbani wanasema yuko shule, na shuleni hakuna aliyekuja kuuliza.

Tena si kumfikia mtu tu. Hata namna ya kuuliza inaweza kumficha. Tuseme nimefika kwenu nikauliza, “Humu ndani kuna mlemavu?” Baba anaweza kusema hapana kwa sababu anaona aibu. Bibi ambaye haoni vizuri atasema, “Mimi si mlemavu, ni uzee tu.” Ndiyo maana kuanzia mwaka 2001 wataalamu wa takwimu wa nchi nyingi walikaa pamoja, katika kinachoitwa Kundi la Washington, wakatengeneza maswali mafupi sita. Hayataji ulemavu kabisa. Yanauliza: Je, una shida ya kuona, hata ukivaa miwani? Ya kusikia? Ya kutembea au kupanda ngazi? Ya kukumbuka au kuwa makini? Ya kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Ya kuelewana na watu kwa mazungumzo? Majibu ni manne: hapana shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa.

Matokeo yake? Sensa ya Tanzania ya mwaka 2002 ilipata kama asilimia 2 ya watu kuwa na ulemavu. Uchunguzi wa mwaka 2008, uliotumia maswali ya aina hii, ulipata asilimia 7.8 kwa watu wa miaka 7 na zaidi. Hata ukikumbuka kwamba watoto wadogo hawakuhesabiwa humo, pengo ni kubwa. Watu hao hawakuota kama uyoga ndani ya miaka sita. Walikuwepo siku zote, ila hawakuwa wameulizwa vizuri.

Haya, utafiti wenu. Mkigawa dodoso darasani, mnaweza kukuta hakuna msichana aliyejibu kwamba amewahi kupata mimba. Mtafurahi? Yule aliyepata mimba mwaka jana hayupo darasani! Yuko nyumbani ananyonyesha. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana kama yeye kurudi katika shule za kawaida. Je, anajua? Nani atamlea mtoto? Anaogopa kuchekwa na sisi? Majibu hayo anayo yeye, na bila yeye utafiti wenu utasema shule haina tatizo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Andikeni kwanza orodha ya vijana wote wa eneo lenu, siyo wanafunzi tu: walioacha shule, wauza maji, madada wa kazi, wasioona, viziwi. Kwa kiziwi tafuteni mtu anayejua lugha ya alama, tena yule ambaye kiziwi mwenyewe amemkubali, maana mambo haya ni ya siri. Asiyejua kusoma, msomeeni pembeni. Wasichana waulizwe na wasichana. Maswali yajaribiwe kwa watu wachache kwanza, na hao wachache wawemo wale mnaowasahau.

Swali? Ndiyo, dada pale nyuma.

“Je, kama mtu hataki kujibu?”

Swali zuri sana. Asilazimishwe. Mwelezeni utafiti ni wa nini, jina lake msiliandike, na akisema hapana, shukuruni muondoke. Kumfikia mtu maana yake ni kumpa nafasi ya kuchagua, na kukataa ni haki yake. Ila hesabuni ni wangapi wamekataa, na kwenye ripoti mseme wazi. Tena andikeni na kundi ambalo hamkulifikia kabisa, ili mwalimu mkuu akisoma asidhani mmezungumza na kila mtu.

Haya, chukueni kalamu. Tuanze na ile orodha. Nani wa kwanza?