KIBANDA JUU YA PIKAPU: UZITO NA UPEPO

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa genge la njia katika mkutano wa tawi)



Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikaingia kazi ya reli, na haya nitakayosema nimejifunza kwa kukosea.

Mnajua kuwa mvua inapokata njia sisi wa genge huitwa usiku na mchana, na mara nyingi tumelala chini ya turubai, nguo zikiwa majimaji. Basi sisi watu wanne tulichanga fedha, tukanunua pikapu kuukuu ya kubeba tani moja, yenye viti vya mbele na vya nyuma, tukaijengea kibanda cha kulala. Wengi wenu mmeniuliza habari zake, na nasikia magenge mengine mawili yameanza kukata mbao. Ndiyo sababu nimeomba kusema nanyi kabla hamjapiga msumari.

Kibanda chetu cha kwanza kilipendeza macho. Tulitumia mbao za inchi 4 kwa 2 na mabati mazito, tukainua paa hata mtu aweza kusimama. Tangi la maji la lita 200 tuliliweka nyuma kabisa, karibu na mlango, ili iwe rahisi kuchota.

Siku moja ya mvua tulikuwa tukipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru. Tulipofika kwenye kona dereva alikata usukani, lakini gari halikusikia. Likaenda moja kwa moja, likaingia mtaroni. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono, akakaa miezi miwili bila kushika kazi. Ndugu zangu, aliyechagua mahali pa tangi lile ni mimi.

Sasa sikilizeni hesabu, maana ni hesabu ya darasa la sita tu.

Kwanza, uzito wote. Kibanda kile kilikuwa na kilo 430. Maji kilo 200, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Sisi wanne tulikuwa kilo 280, na vyombo vya kazi kilo 200. Jumla ni kilo 1,110 juu ya gari la kilo 1,000. Wengi husahau kuwa watu waliokaa ndani nao ni mzigo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini gari halijui usufi, huhesabu kilo.

Pili, mahali pa uzito. Sisi watu wa reli twajua kuwa behewa lililopakiwa upande mmoja laweza kutoka njiani, kwa sababu magurudumu ya upande mwepesi hayashiki reli vizuri. Pikapu ni vivyo hivyo. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, gari letu lina mita 3. Tangi lilikuwa mita 1 na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha kilo 200 kwa 1.5, ugawanye kwa 3, utapata 100. Maana yake, tangi liliinua kilo 100 kutoka magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma ikabeba kilo 300 badala ya 200. Ni kama mtoto kwenye ubao wa pembea: akikaa mwisho, wa upande wa pili huenda juu. Na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona. Yakiwa mepesi, barabara ikiwa na maji, usukani ni pambo tu.

Kwa hivyo vitu vizito vikae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, wala si nyuma yake. Tena gawanyeni kulia na kushoto: betri na jiko upande huu, sanduku la vyombo upande ule. Tangi tumelitupa. Sasa tuna mitungi 10 ya plastiki ya lita 20 iliyofungwa kwa mikanda, maana maji ya tangi lililojaa nusu hukimbia huku na huku gari linapokata kona.

Tatu, kimo. Nyundo, mitaimbo na maji vikae sakafuni. Juu ziwe blanketi na nguo. Msitie kitu kizito juu ya paa, kwa maana gari lenye uzito juu hulala upesi.

Nne, upepo. Upepo hauongezeki kama mwendo uongezekavyo. Mwendo ukiwa mara mbili, upepo husukuma mara nne. Ukuta wetu ulikuwa umesimama juu ya kichwa cha gari kwa sentimita 80, upana mita 1.8. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ukuta ule ulisukumwa na nguvu kama ya kilo 10. Kwa kilomita 80, ikawa kama kilo 40. Mafuta yetu yalikuwa yakiishia hapo. Kumbukeni injini ya moshi iliyoitwa Mallard, iliyokimbia kilomita 203 kwa saa huko Uingereza mwaka 1938. Nguvu ilikuwa nayo, lakini pia uso wake ulilazwa ili upepo upite juu.

Basi paa la pili tumelishusha, mtu huinama kidogo. Ukuta wa mbele tumeulaza, na pembe zake tumezifanya mviringo. Tumetumia mbao nyembamba na plaiwudi, tukafunga kwa bolti mpaka kwenye chesisi. Kibanda hiki kina kilo 250. Jumla sasa ni 930. Pembe mviringo husaidia mbele, lakini haziondoi upepo wa ubavuni. Upepo ukivuma, au basi likikupita kwa kasi, punguza mwendo.

Mwisho, msiniamini mimi, iaminini mizani. Pakieni kila kitu, watu na maji, mwende kwenye mizani ya magari. Pimeni magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake, mlinganishe na kipimo cha mtengenezaji wa gari. Kisha lipelekeni likakaguliwe. Na gari likienda, mtu yeyote asikae kibandani.

Bwana Mwenyekiti, kudai mahali pema pa kulala tunapokuwa kazini kutaendelea, na ni haki yetu. Lakini wakati tunadai, tusiuane kwa mikono yetu wenyewe. Naomba tawi likubali jambo moja: genge lolote litakalojenga kibanda lilete karatasi ya mizani hapa kabla ya safari ya kwanza. Yetu ninayo mfukoni, aitakaye aje aione.