Vidukari, Dawa na Haki ya Mkulima Mdogo



Mada niliyopewa ni matumizi ya dawa za kuua wadudu katika kuzuia magonjwa ya virusi mashambani. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hilo linaihusuje Kamati ya Haki na Amani. Linaihusu, kwa maana mkulima anaponunua dawa isiyoweza kumsaidia, kinachopotea ni chakula na ada ya shule ya watoto wake.

Vidukari, ambao wengi tunawaita wadudu mafuta, hufyonza utomvu wa mimea. Lakini hasara yao kubwa zaidi ni virusi wanavyovihamisha kutoka mmea hadi mmea. Mmea ukishapata virusi hauponi. Dawa tunayopuliza humwua mdudu, haiutibu mmea.

Tena virusi havienezwi kwa namna moja. Tuangalie maharage. Kidukari akichoma jani lenye ugonjwa wa batobato, huchukua virusi mdomoni kwa sekunde chache, na kwa sekunde chache huviacha katika mmea wa pili. Dawa haiwezi kumwua upesi kiasi hicho. Anapokufa, amekwisha kuambukiza. Aidha, ugonjwa huo hupita katika mbegu. Anayemwuzia mkulima dawa kwa ahadi kwamba itaukomesha, anamwuzia tumaini la bure. Kinga yake ni mbegu safi, aina zinazostahimili, na kung'oa mapema mimea iliyougua.

Karanga zina habari tofauti. Ugonjwa wa rozeti, ulioripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 katika nchi yetu wakati wa utawala wa Wajerumani, hudumaza mmea, na ukiupata kabla ya kutoa maua, mkulima aweza asivune chochote. Hapa kidukari hufyonza mmea mgonjwa kwa saa kadhaa, na yapata siku nzima hupita kabla hajaweza kuambukiza. Kwa hiyo dawa ikipulizwa mapema, miche ingali michanga, yaweza kupunguza uenezi ndani ya shamba. Hata hivyo haiwazuii vyema vidukari wanaoruka kutoka nje wakiwa tayari na virusi. Na ikipulizwa ovyo, huwaua wadudu rafiki wanaokula vidukari, nao vidukari huongezeka upya. Tusisahau pia afya ya mpulizaji asiye na kinga ya mdomo wala mikono.

Hasara ya rozeti si ndogo. Mwaka 1975 iliharibu hekta zipatazo 700,000 za karanga kaskazini mwa Nigeria. Nchini Malawi, baada ya mlipuko wa msimu wa 1994/95, eneo la karanga lilishuka kutoka hekta 92,000 hadi 65,000 katika msimu uliofuata.

Kinga isiyohitaji bomba la kupulizia imejulikana kwa miongo mingi: kupanda mapema, kupanda kwa kubanana, na kung'oa maotea ya msimu uliopita. Lakini ni nani hupanda kwa kuchelewa? Ni yule aliyekula mbegu zake wakati wa njaa. Ni mjane anayelima kwanza shamba la mwingine kwa kibarua ili watoto wale, ndipo ageukie shamba lake mvua zikiwa zimekwenda mbali. Ni yeye pia anayetafuta mbegu chache na kuzipanda mbali mbali ili zitoshe. Ugonjwa hautazami sura ya mtu, lakini hulikuta shamba la maskini likiwa wazi. Kumwambia huyo anunue dawa ni kumtwisha mzigo wa pili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iwe na akiba ya mbegu ya kukopeshana kabla ya mvua, na irudishwe wakati wa mavuno. Pili, tusaidiane kazi ili shamba la mjane na la mgonjwa yapandwe pamoja na mengine. Tatu, mtu asinunue dawa kabla bwana shamba hajautambua ugonjwa. Kuhusu aina za karanga zinazostahimili rozeti, tuulize kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara.

Dawa ina nafasi yake, nayo ni ndogo. Nafasi iliyobaki ni yetu kuijaza.